Mlio hautoki: kutafuta ubovu kwenye saketi ya 555

Karibu kila anayeniletea saketi hii mezani huanza na maneno yaleyale: "Fundi, chipu imekufa." Sibishani naye. Naunga betri, nashika mita, nagusa miguu mitano, na mara nyingi marehemu anaondoka pale akipiga kelele. Kila likizo ya shule nakaa na vijana wanaojifunza umeme mdogo, na kazi ya kwanza ninayowapa ni hii ya kuzalisha mlio: chipu moja, rezista tatu, kapasita chache, spika na betri. Ubovu wanaoupata haubadiliki mwaka hata mwaka. Nimeupanga kwa dalili, sababu ya kawaida ikitangulia na ya nadra ikifuata, ili uende moja kwa moja kwenye dalili yako.

Ombi langu ni moja: usibadilishe kifaa chochote mpaka mita ikuambie. Mimi mwenyewe niliwahi kutupa chipu tatu nzima kwa mchana mmoja. Nitakueleza mbele ilivyokuwa.

Saketi yenyewe, ikiwa nzima

Chipu ni NE555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics na kuingia sokoni 1972. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado utaipata Kariakoo au Luthuli Avenue bila kuulizwa maswali. Iunge hivi:

- Mguu wa 1 uende hasi. Mguu wa 8 na wa 4 viende chanya.
- Rezista ya 10k (yaani omu 10,000) ikae kati ya chanya na mguu wa 7.
- Rezista ya 68k ikae kati ya mguu wa 7 na wa 6.
- Kipande cha waya kiunge mguu wa 6 na wa 2.
- Kapasita yenye maandishi 103, yaani nanofaradi 10, itoke mguu wa 2 hadi hasi. Nyingine kama hiyo itoke mguu wa 5 hadi hasi.
- Mguu wa 3 uende kwenye rezista ya omu 47, kisha kapasita ya maikrofaradi 100 (chanya yake ikitazama chipu), kisha spika ya omu 8, kisha hasi.
- Kati ya mguu wa 8 na wa 1, karibu kabisa na chipu, weka kapasita ya maikrofaradi 100 na ya 104 (nanofaradi 100) zikiwa pamoja. Watu wengi huziruka hizi mbili. Tutarudi kwao.

Betri ni ile ya mstatili ya volti 9.

Kinachotokea ndani ni rahisi. Kapasita ya mguu wa 2 hujaa kupitia rezista zote mbili mpaka ifike theluthi mbili ya volti za betri. Hapo chipu hufungua bomba la mguu wa 7, kapasita ikamwagika kupitia ile ya 68k mpaka theluthi moja, bomba likafungwa, kazi ikaanza upya. Kasi yake ni 1.44 kugawanya kwa (R1 jumlisha mara mbili ya R2) mara C, ambapo R1 ni ile ya 10k, R2 ni ile ya 68k, na C ni kapasita ya mguu wa 2. Kwa vifaa hivi unapata karibu hezi 986. Fungua kwenye simu programu ya kutuni gitaa na itakuonyesha noti ya B.

Sasa weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, waya mweusi kwenye hasi, na uguse miguu kwa waya mwekundu. Saketi nzima yenye betri mpya husoma hivi: mguu wa 8 volti 9, wa 4 volti 9, wa 5 volti 6, wa 2 na wa 6 volti 4 na nusu hivi, wa 3 karibu volti 4. Hizo mbili za mwisho ni wastani, kwa sababu mita haiwezi kukimbizana na kitu kinachopanda na kushuka mara elfu kwa sekunde. Ndiyo maana mguu wa 3 ukisoma nusu-nusu, saketi inafanya kazi. Ukisoma sifuri au volti 7 na kitu bila kuyumba, imekwama. Andika namba hizi kwenye karatasi uziweke karibu, maana kila dalili itakurudisha kwao.

Kimya, na kila kitu ni baridi

Anza na betri, na uipime ikiwa imeungwa kwenye saketi. Betri chovu ikipimwa peke yake itakudanganya kwa volti 8 na nusu, kisha ukiitwisha spika inaanguka hadi 5. Saketi hii hula kati ya miliampia 30 na 50, na zile betri za bei nafuu zilizokaa dukani muda mrefu huo ni mzigo kwao. Angalia pia kishikizo: vile vyenye waya mwembamba mwekundu na mweusi hukatika ndani, ngozi ya nje ikiwa nzima.

Kisha pima volti palepale kwenye mguu wa 8 na mguu wa 1, ukigusa chuma cha mguu wenyewe. Ukipima pembeni kwenye ubao hujapima kitu. Hapa ndipo nilipotupa chipu zangu tatu. Bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea vifaa bila kulehemu) ndefu nyingi zina mistari ya umeme iliyokatwa katikati: nusu ya juu haina habari na nusu ya chini, ingawa mstari mwekundu uliochorwa juu yake unaonekana mmoja. Nilikuwa nimeunga betri juu na chipu chini. Mita iliposoma 9 pale betri ilipoingia, nikaridhika, nikaanza kubadilisha chipu moja baada ya nyingine. Kijana wa darasa la saba, ambaye hata hakuwa mwanafunzi wangu, ndiye aliyeniuliza kwa nini rangi ya ule mstari ina pengo katikati. Chipu mbili niliziokota kwenye pipa jioni ile, na zote mbili zililia.

Kama umeme unafika, hesabu miguu upya. Kidoto au pengo likiwa juu, mguu wa 1 ni wa juu kushoto. Unashuka 1, 2, 3, 4, kisha unavuka chini na kupanda upande wa kulia 5, 6, 7, 8. Wa 8 unatazamana na wa 1. Kosa linalojirudia ni kuhesabu upande wa kulia kutoka juu, na hapo chanya ya betri inaishia kwenye mguu wa 5 na chipu haina umeme kabisa. Ukikuta mguu wa 5 unasoma 9, umelipata kosa lako.

Kosa jingine ni kuigeuza chipu kichwa chini. Watu hukata tamaa hapo, lakini tazama: chipu ikigeuzwa, wa 4 na wa 8 hubadilishana nafasi, na katika saketi hii vyote viwili vinakwenda chanya. Kwa hiyo mara nyingi haifi. Igeuze, ujaribu tena kabla ya kwenda dukani.

Ikiwa miguu imehesabiwa sawa na umeme upo, namba za miguu ya 2, 3, 5 na 6 zitakuonyesha ubovu ulipo.

Mguu wa 3 sifuri, na wa 4 sifuri au chini ya volti moja: umeizuia chipu isifanye kazi. Waya wa mguu wa 4 haukufika chanya.

Mguu wa 3 uko juu, wa 2 na wa 6 ni sifuri: kapasita haijai. Ama rezista mojawapo haijashika kwenye tundu, ama kapasita ya 103 ina shoti, ama miguu yake miwili imeingia kwenye safu moja ya bredibodi.

Mguu wa 3 uko juu, na wa 2 unasoma karibu volti 9: chipu haioni kapasita imejaa. Mguu wa 6 wenyewe haujashika kwenye tundu lake. Soma na mguu wa 5 pia. Ukikuta 9 badala ya 6, umeuunga na chanya kwa bahati mbaya, na kapasita inasubiriwa ifike kiwango ambacho haitakifikia kamwe.

Mguu wa 3 sifuri, na wa 6 sifuri: waya wa kati ya 2 na 6 umeachia, au mguu wa 2 wenyewe haujashika kwenye tundu lake.

Hapa pwani naongeza sababu ambayo wenzangu wa bara wataniona mbabaishaji nikiitaja. Chumvi ya hewani hula miguu ya rezista zilizokaa kwenye droo. Mguu ukiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, uparuze kwa wembe mpaka ung'ae ndipo uuchomeke.

Kinasikika "tak" mara moja ukiunga betri, kisha kimya

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu karibu haina utata. Chipu ilianza safari moja ikakwama. Pima mguu wa 6. Ukisoma karibu volti 9 na wa 3 sifuri, bomba la kumwagia halijaungwa: mguu wa 7 haugusi makutano ya rezista mbili. Kapasita ilijaa, chipu ikatoa amri ya kumwaga, na hakuna kilichomwagika.

Rudia kuchomeka rezista zote mbili kwenye safu ya mguu wa 7. Miguu ya rezista nyembamba hukaa kwenye tundu la bredibodi iliyozeeka bila kugusa chuma cha ndani. Hamia tundu jingine la safu ileile. Kama bado, hapo naruhusu kuishuku chipu, hasa kama kuna wakati mguu wa 7 uliguswa na chanya moja kwa moja.

Kimya, lakini mita inasema mlio upo

Mguu wa 3 unasoma volti 4, kila namba ni sahihi, na husikii kitu. Usiguse upande wa miguu ya 2, 6 na 7. Ubovu uko kati ya mguu wa 3 na sikio lako.

Ondoa spika uipime kwa omu. Ya omu 8 husoma 6 au 7 na kitu, na unapoigusa kwa nyaya za mita inatoa mkwaruzo mdogo. Isiposoma kitu, koili imekatika. Spika nyingi za mafunzo zinatoka kwenye redio zilizokufa, na waya zake nyembamba hunyofoka pale zilipolehemiwa. Kisha angalia kapasita ya maikrofaradi 100 na rezista ya omu 47: mistari njano, zambarau, nyeusi. Aliyeweka njano, zambarau, chungwa ameweka 47k, na spika haipati kitu.

Sababu ya tatu huwashangaza wengi. Kama kwa mguu wa 2 umeweka kapasita ya 101 badala ya 103, saketi inalia karibu hezi 98,000. Popo walioko mwembeni wanaweza kukusikia, wewe hutasikia. Kwa 102 utapata filimbi nyembamba ya karibu hezi 9,900, ambayo vijana wataisikia na babu yao hataisikia.

Kimya, na chipu inachoma

Toa betri sasa hivi. Usiiache imeungwa eti unapima. Chipu nzima katika saketi hii huwa ya uvuguvugu tu. Ikikuunguza kidole kabla hujahesabu mpaka tatu, kuna shoti.

Sababu ya kwanza ni betri kuungwa kinyume. Kuigusisha kwa sekunde moja huenda ikasamehewa, dakika moja haisamehewi. Sababu ya pili ni rezista ya omu 47 kuachwa, spika ikaungwa mkato. Omu 8 peke yake zinataka karibu ampia nzima kutoka kwenye chipu iliyotengenezwa kutoa miliampia 200. Italia kwa nguvu, utafurahi, kisha itanuka. Sababu ya tatu ni mguu wa 3 kugusana na hasi kwa kipande cha waya kilichopinda.

Sababu ya nne huwapata wanaoweka potenshometa (rezista ya kuzungusha) mahali pa 10k ili wabadilishe mlio. Ukiizungusha mpaka mwisho inakuwa sifuri, na hapo mguu wa 7 umeungwa na chanya bila kizuizi. Bomba likifunguka, umeme wote wa betri unapita ndani ya chipu. Daima acha rezista isiyopungua 1k mfululizo na potenshometa. Afadhali zaidi, weka potenshometa upande wa 68k na uiache 10k ilivyo.

Ya tano imekuwa ya kawaida tangu paneli za sola zienee. NE555 haivumilii zaidi ya volti 16. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 haina neno, hata ikiwa inachajiwa. Lakini paneli iliyoandikwa 12, ukiiunga moja kwa moja juani bila betri, inaweza kutoa volti 18 na kuendelea. Chipu haitakuaga. Adapta za zamani zenye transfoma nzito nazo zimeandikwa 9 na hutoa 12 au zaidi zisipokuwa na mzigo, kwa hiyo zipime kabla.

Onyo: kapasita za maikrofaradi, zile za mkebe, zina upande wa hasi wenye mstari. Zikigeuzwa huvimba, hutoa moshi, na wakati mwingine hupasuka kuelekea juu, yaani kuelekea uso wako uliouinamisha. Ikiwa moja imevimba kichwa, toa betri, iache ipoe, itupe.

Sauti ipo lakini ni hafifu

Betri tena. Nisamehe kwa kuirudia, lakini ndiyo hiyo.

Baada ya betri, isome kapasita ya spika. Aliyeweka 104 badala ya maikrofaradi 100 atasikia sauti nyembamba kama ya mbu, kwa sababu kwa mlio wa hezi elfu moja kapasita hiyo ni kizuizi cha omu 1,600 mbele ya spika ya omu 8. Sasa soma maandishi ya chipu yenyewe. Kama ni 7555, TLC555 au LMC555, hiyo ni jamaa yake anayekula umeme kidogo. Ni nzuri kwa betri, lakini haina nguvu za kusukuma spika. Mbadilishie NE555 ya kawaida au umwekee transista ya kumsaidia.

Mwisho, iweke spika ndani ya kitu. Spika tupu mezani hupoteza sauti nyingi, kwani upepo wa mbele na wa nyuma unauana. Ifunike kwenye mdomo wa kikombe cha plastiki, usikie tofauti.

Mlio upo, lakini si ule niliotaka

Ukiwa mzito kama injini ya boti, karibu hezi 100, umeweka 104 mahali pa 103. Mwandiko wa kapasita hizi umewaumiza wengi: tarakimu mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri, na jibu ni pikofaradi. Basi 103 ni 10 na sifuri tatu, pikofaradi 10,000, ambazo ndizo nanofaradi 10.

Ukiwa mwembamba kupita kiasi, angalia rezista ya 68k: bluu, kijivu, chungwa. Zenye mistari mitano huwachanganya watu, maana mstari wa nne ndio unaohesabu sifuri. Chini ya taa ya njano, chungwa na nyekundu hufanana. Usibishane na macho, itoe uipime kwa omu.

Tofauti ndogo usiihangaikie. Rezista zina uhuru wa asilimia 5 na kapasita zaidi ya hapo. Ukipata hezi 900 au 1,080 hakuna ubovu. Ukitaka namba kamili, weka potenshometa ya 20k mfululizo na rezista ya 56k, uizungushe huku ukitazama simu.

Sauti inakoroma, inakatikakatika au inatetema

Hapa ndipo zile kapasita mbili za mguu wa 8 zinapolipa. Kila NE555 inapogeuza hali hunyakua umeme kwa ghafla, na betri chovu au waya mrefu haiwezi kuutoa upesi hivyo. Volti zinashuka, chipu inachanganyikiwa, mlio unavunjika. Weka maikrofaradi 100 na 104 karibu na chipu, nyaya fupi. Ziking'olewa zikawekwa upande wa pili wa ubao, ni kama hazipo.

Kama unatumia adapta na chini ya mlio kuna mvumo mzito, huo ni mvumo wa umeme wa ukutani unaopenya. Umeme wetu ni wa hezi 50, na baada ya daraja la dayodi, zile dayodi nne zinazounyoosha ndani ya adapta, unakuwa mvumo wa 100. Jaribu kwa betri: mvumo ukitoweka, saketi yako haina kosa.

Na kama inatoa mkwaruzo wa "trrr-tr-tr" kwa vipindi, sogeza simu yako mbali na ubao.

Sauti inabadilika ukiisogelea au ukiigusa

Kuna mguu unaoelea. Wa 4 ndio mtuhumiwa wa kwanza, kwa sababu saketi hulia hata usipoungwa, mpaka siku kidole kikipita jirani. Uunge na chanya. Kisha bonyeza kifaa kimoja kimoja kwa kijiti kikavu cha mbao, si kwa kidole, mpaka ukipate kinachokatisha sauti.

Mlio unaopanda au kushuka taratibu kadiri chumba kinavyopata joto ni tabia ya kapasita za kauri za bei nafuu. Pumulia ile ya mguu wa 2 pumzi ya moto: sauti ikihama, umeipata. Ibadilishe na ya plastiki, aina ya poliesta, yenye nanofaradi zilezile.

Ilifanya kazi kwenye bredibodi, imekufa baada ya kulehemu

Kwenye veribodi, ile yenye mistari ya shaba, sababu ya kwanza ni kusahau kukata shaba chini ya chipu. Bila kukata, wa 1 umeungana na wa 8, wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 6, wa 4 na wa 5. Jozi ya kwanza pekee ni shoti ya betri. Kata mstari mmoja mmoja kwa ncha ya drili, kisha upime kwa mlio wa mita kwamba umekatika kweli, maana uzi wa shaba mwembamba kama unywele hubaki pembeni.

Baada ya hapo tafuta lehemu iliyovuka kati ya miguu, na viungo vilivyopoa vibaya: kiungo kizuri kinang'aa na kimetandaa kama hema, kibaya kimeviringika kama tone la nta. Kipashe tena na uongeze lehemu kidogo. Chipu yenyewe usiilehemu. Lehemu soketi yake ya miguu minane, uichomeke chipu mwishoni.

Kabla hujaihukumu chipu

Ndugu yangu asiye na oskiloskopu, chombo cha kuchora volti kwenye kioo, fanya hivi. Toa kapasita ya 103 ya mguu wa 2, weka ya maikrofaradi 10 (hasi yake kwenye hasi). Toa spika, kapasita yake na ile ya omu 47. Mguu wa 3 uunge kwa LED (taa ndogo ya elektroniki) na rezista ya 1k hadi hasi. Kila kitu kimepungua kasi mara elfu, na taa inapaswa kuwaka na kuzima mara moja kwa sekunde hivi. Sasa mita inaweza kufuata: utaona mguu wa 2 ukipanda polepole kuelekea 6, kugeuka, kushuka kuelekea 3, kugeuka. Taa ikipepesa vizuri, chipu ni nzima, hata kama umeichukia. Isipopepesa na waya zote ziko sawa, chukua chipu nyingine, tena uichukue duka tofauti, kwani kuna zinazong'olewa kwenye mbao kuukuu na kurudishwa sokoni.

Mahali pa kuishia

Usiweke spika za masikioni kwenye mguu wa 3 na kuzivaa. Mlio wa volti kadhaa ukiwa ndani ya sikio unaumiza, na sikio halina duka la vipuri. Usiupeleke mlio huu moja kwa moja kwenye amplifaya ya msikiti, kanisa au kumbi. Kwanza uupitishe kwenye rezista ya 100k na ya 1k ili upungue mara mia. Kama amplifaya si yako, mwite fundi wake awepo.

Betri ya lithiamu iliyovimba au inayopata moto ukiiunga, iondoe, iweke nje mahali pasipo kitu cha kuungua, usiitoboe.

Na ubovu ukihamia kwenye chaja au adapta ya ukutani, hapo ndipo mwisho wako. Usiifungue. Ndani yake umeme wa volti 230 ukishanyooshwa unafika kama 325 kwenye kapasita moja nene, na unaweza kubaki pale hata baada ya kuchomoa plagi. Tumia betri uendelee na mlio wako, na adapta umpelekee fundi wa pawa saplai, ukimwambia volti ulizozisoma na kama mvumo ulikuwepo.